Mafuta Yasiyo na Ladha

Baba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo moja nikainuka, nikaenda mpaka mlangoni, nikaangalia magari ya stendi, nikarudi. Ndivyo nilivyo siku hizi. Siwezi kukaa kwenye kigoda chako dakika kumi bila kuinuka. Nafungua cherehani, nakumbuka jambo, naacha skrubu mezani, na nikirudi sijui ilikuwa ya wapi. Juzi nilimkabidhi mteja cherehani chake, akaondoka nacho, ndipo nikaona skrubu imebaki kiganjani mwangu. Nilimkimbilia mpaka kwa waendesha bodaboda. Ungenicheka wiki nzima, na kila mteja angesimuliwa.

Nina jambo la kukwambia. Nimekaa nalo tangu tulipokuzika, miezi saba sasa, na nikilianza moja kwa moja mkono utagoma, najijua. Kwa hiyo acha nikupe kwanza habari za kazi, halafu nitalifikia.

Kibanda kipo palepale. Upepo wa Same ndio uleule, unaingiza vumbi kwenye kila tundu, na ulikuwa ukisema bila vumbi hilo mimi na wewe tusingekuwa na kazi. Wateja wanafika, wanachungulia, wanauliza, "Mzee yuko wapi?" Wengine hawajasikia. Nikiwaambia wanasema pole, halafu wanaangalia mikono yangu kwa mashaka kidogo, wanauliza kama nitaweza. Nawaambia nilianza kushika bisibisi yako kabla wao hawajajua kutunga uzi. Si kweli kwa wote, lakini wanaacha mashine.

Mama Hawa wa magauni ya harusi alikuja wiki iliyopita. Cherehani chake kimekaza, gurudumu halizunguki. Nikafungua upande wa chini nikakuta kila kitu kimeshikana, rangi ya kahawia, kinanata. Nikamuuliza ametia nini. "Alizeti, mwanangu. Sikuwa na mengine." Nikajikuta natoa hotuba yako, kwa sauti yako, mpaka na kile kidole cha kuonya. Kwamba mafuta ya kupikia ni chakula, na chakula huchacha, yakikaa kwenye chuma yanageuka gundi. Kwamba mafuta ya cherehani hayakutoka kwenye mbegu wala kwenye mnyama, yametoka chini ya ardhi pamoja na petroli na dizeli, yakasafishwa na kusafishwa tena mpaka hayana rangi, hayana harufu, hayana ladha. Wadudu hawayataki. Hewa haiyaharibu. Ukiyafungia kabatini miaka na miaka, utayakuta kama ulivyoyaacha. Mama Hawa akasema, "Ee, mzee huyo hapo anaongea." Nikaingia ndani nikajifanya natafuta mafuta ya taa ya kuoshea.

Wenzako walitumia yale ya manjano ya maduka ya vipuri. Wewe ulikataa. Ulichukua meupe ya duka la dawa, yale wanayoyaita likwidi parafini, kwa sababu ya manjano yakidondokea shela la bibi harusi yanaacha doa, na wewe hukutaka bibi harusi yeyote akulaani mlimani wala tambarare. Na kwa kuwa ulikuwa nayo hayo tu, yakawa mafuta ya nyumba nzima. Chupa moja, kazi zote. Ulipaka visu na panga visishike kutu. Kibao cha Mama cha kukatia mboga ulikipaka kila kilipoanza kukauka, ukisema mafuta ya kupikia yangekifanya kinuke. Mimi na Godlisten tulipakwa tukitoka kuoga, tena kabla hatujajifuta vizuri, maana mafuta haya hayalishi ngozi, ulisema, kazi yake ni kukaa juu na kuzuia maji yasitoroke. Ukipaka ngozi kavu umefungia ukavu ndani. Miguu yangu ilikuwa haipasuki kiangazi. Wasichana wenzangu shuleni wakiniuliza napaka nini, nikiwaambia mafuta ya cherehani, wanadhani nawatania.

Halafu kulamba. Mteja mgeni akitia shaka, unachovya ncha ya kidole, unaiweka ulimini mbele yake, unatulia, unatikisa kichwa. "Hakuna kitu. Haya hayana neno na mtu." Nimeona jambo hilo mara nyingi kuliko nilivyokuona ukisali, na wewe ulikuwa mtu wa kusali. Mama alikuwa anaona. Sote tuliona, na sote tukaamini.

Nimeinuka tena. Nimerudi. Sasa naingia kwenye jambo lenyewe, lakini lazima nipite kwa ng'ombe.

Unamkumbuka Maua. Nilikuwa darasa la sita. Alikula majani mabichi yenye umande, tumbo likavimba upande wa kushoto mpaka ngozi ikawa kama ya ngoma. Ulisema mafuta yatavunja povu tumboni, na kweli ndivyo yanavyofanya. Mimi ukanipa kazi ya kushika kichwa. Niliogopa yasimwagike, nikakiinua juu kwa nguvu zangu zote, na wewe ukamimina haraka haraka kwa sababu alikuwa anakaribia kuanguka. Tumbo likapungua, tukashangilia. Siku ya tatu akaanza kuhema kwa shida, na kabla wiki haijaisha akafa. Bwana mifugo alikueleza wewe, na wewe ukakaa na mimi kwenye ngazi ya jikoni ukanieleza, taratibu, bila kunigombeza. Ulisema, "Maji yakikosea njia, kifua kinapiga kelele, unakohoa mpaka yatoke. Mafuta haya hayabishi hodi. Hayawashi, hayana ladha, koo halijui kama kuna kitu kimepita. Na yakishaingia kwenye pafu hayana pa kwenda. Mwili hauwezi kuyala." Ukaniambia kichwa cha ng'ombe kisiinuliwe juu ya mgongo wake, na akikohoa unaacha kwanza.

Nilielewa. Nilielewa vizuri kabisa, ningeweza kufanyia mtihani. Niliyajua hayo kuhusu ng'ombe, na haikunipitia akilini hata mara moja kwamba baba yangu naye ana koo.

Ulipopata kiharusi tukakupandisha nyumbani Bombo, nikafunga kibanda, nikaja kukaa. Upande wa kulia wote ulikuwa umekufa, na maneno yalitoka nusu nusu. Lakini kilichokutesa ni choo. Siku tano, siku sita, tumbo gumu, na wewe umegeuzia uso ukutani kwa aibu, mtu ambaye hukuwahi kuona aibu ya kitu chochote. Tulipewa dawa ya unga ya kuchanganya na maji mengi. Maji mengi ndiyo hayakuwezekana, yalikuwa yanakupalia. Chupa ilikuwa palepale dirishani, na sote tunajua mafuta yale yanalainisha njia yakapita yenyewe bila kuingia mwilini. Hata maduka ya dawa wanayauza kwa kazi hiyo. Lebo ilikuwa na maandishi madogo madogo, sikuyasoma. Nani asome lebo ya kitu alichopakwa tangu anazaliwa?

Kijiko kimoja cha chakula, kila jioni. Wewe umelala chali, mimi nimekuinua shingo kidogo kwa mkono wa kushoto. Siku ya tatu choo kikaja, ukatabasamu kwa ule upande mmoja uliobaki, na mimi nikatoka nje nikaruka kama mtoto. Maji yalikupalia, uji ulikupalia hata ukiwa mwepesi. Mafuta hayakukupalia hata siku moja. Nikafurahi. Baba, nilifurahi! Nilisema moyoni, angalau kuna kitu kimoja kinachopita vizuri.

Baada ya wiki kama tano homa ikaanza, na kuhema. Hospitalini daktari, yule dada mrefu mwenye sauti ya chini, aliangalia picha ya kifua chako muda mrefu. Mama alikuwa nje anapanga foleni ya faili. Daktari akanigeukia akauliza, "Dada, kuna mafuta yoyote mzee anapewa? Kwa mdomo au puani? Mafuta ya aina yoyote?"

Nikaelewa hapohapo. Hakuwa amemaliza kuuliza, mimi niko kwenye ngazi ya jikoni nina miaka kumi na mbili nakusikiliza. Nikajibu, "Hapana, daktari." Akaandika.

Ulikuwa umelala pale, jicho la kushoto liko wazi, unaniangalia. Sijui kama ulisikia. Hilo ndilo linaloniinua kwenye kigoda. Kama ulisikia, ulielewa? Ulitaka kusema kitu? Ulikaa siku sita tena, wakikutibu nimonia kama nimonia nyingine, na kila asubuhi daktari alipita, na kila asubuhi nilikuwa na nafasi ya kufungua mdomo. Asubuhi sita. Sikufungua. Nilijiambia utapona, halafu nitacheka peke yangu juu ya woga wangu. Hukupona.

Basi. Nimelisema. Nimekuua au sikukuua, sijui, lakini nilidanganya, hilo najua.

Na wewe pia nina neno na wewe, usidhani. Miezi hii nimekuwa na hasira na wewe mpaka najishangaa. Kwa nini ulikuwa unayalamba? Ulijua habari ya Maua kuliko sisi sote, na bado kesho yake ulikuwa unaweka kidole ulimini mbele ya watu unasema haya hayana neno na mtu. Ungesema yana neno. Ungesema nje ya mwili ni rafiki, ndani yana masharti. Tungesikia, maana ulichosema wewe tulikishika. Nikimaliza kukasirika naona haya, nachukua kitambaa nafuta vyombo vyako ambavyo nilishavifuta.

Ningeendelea hivyo hivyo, nafikiri, mpaka nizeeke na siri yangu. Lakini mjukuu wako alizaliwa.

Neema wa Godlisten alijifungua mwezi na nusu baada ya mazishi. Ni wa kiume, na bila shaka anaitwa Elisante kama wewe, nani angempa jina jingine. Ana kipaji chako na hasira zako za njaa. Mama amefufuka kwa ajili yake. Yeye ndiye anayemwogesha tangu siku ya kwanza, kama mama mkwe anavyopaswa, anamwita "mume wangu," anamgombeza: "Mume wangu wewe, umekunywa maziwa yote hukunibakizia." Nilipokuwa napiga simu na kusikia hivyo nilicheka mpaka machozi. Sikujua kwamba baada ya kumwogesha anachukua chupa yako.

Neema ndiye aliyeniambia, wiki tano zilizopita, saa nne asubuhi, kwa sauti ya kujificha. "Wifi, mtoto mafua hayaishi, anahema haraka haraka, hata kunyonya anachoka. Mama anamtia mafuta ya babu puani asubuhi na jioni, matone mawili matatu kila tundu. Na akikosa choo anampa kijiko kidogo. Mimi nitamwambia nini mama mkwe?"

Nikampigia Mama. Nilimsalimu, nikauliza habari za shamba, za tangawizi, nikazunguka weee, halafu nikasema wataalamu siku hizi wanakataza mafuta puani kwa watoto. "Wataalamu gani?" akasema. "Wewe na Godlisten mmekua na nini? Hapa mlimani kuna baridi, sio huko kwenu Same. Baba yako alikuwa anayalamba mbele za watu miaka yote, yalimfanya nini?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikasema, "Sawa, Mama," nikakata simu.

Nikarudi kwenye cherehani cha mtu. Nikavunja sindano. Nikaweka nyingine, nikavunja. Nikachukua kikopo cha mafuta, nikajua kwamba mara ya kwanza nilinyamaza kwa woga na mtu akazikwa, na sasa nanyamaza tena na huyu hajatimiza hata miezi sita. Nikafunga kibanda bila hata kufunika mashine, nikapata gari la Gonja lililokuwa linaondoka.

Njia nzima ya Kisiwani, milima iko kulia kwangu na mimi napanga maneno. Nilipanga ya upole. Nilipanga ya kitaalamu. Tulipoanza kupanda kuelekea nyumbani yote yalikuwa yamekwisha kichwani.

Niliwakuta uani. Mama ameketi kwenye mkeka, Elisante yuko mapajani kwenye kanga, ametoka kuogeshwa, kifua kinapanda na kushuka mbio. Chupa iko pembeni, na Mama ameshika kile kidude cha mpira cha kudondoshea. Sikusalimia. Mimi, mtoto uliyemlea kwa shikamoo, sikusalimia. Nilichukua kile kidude mkononi mwake.

"Wewe Namsifu, una wazimu?" Mama akasema.

Nikasema nikiwa nimesimama, kwa sababu ningekaa nisingesema. Kwamba baba alikufa na mafuta haya kifuani. Kwamba mimi ndiye niliyempa, kijiko kila jioni, akiwa amelala chali. Kwamba daktari aliniuliza nikakana. Kwamba huyu mtoto sasa anahema kama alivyokuwa anahema yeye.

Neema alimchukua mtoto haraka, hakungoja kuambiwa. Godlisten alikuwa anatoka mgombani na panga mkononi, alisikia yote, akasimama hapohapo. Mama alikunja kanga iliyokuwa mapajani mwake. Akaikunja mara mbili, mara nne, mpaka ikawa ndogo kabisa. Halafu akauliza, "Cha jioni tu?"

"Ndiyo, Mama. Cha jioni."

"Mimi nilikuwa nampa cha asubuhi."

Baba, sikuwa najua. Naapa sikuwa najua. Asubuhi mimi nilikuwa nakwenda mtoni kufua mashuka yako, na yeye anabaki na wewe. Akaendelea kusema bila kuniangalia, "Niliona chupa inapungua haraka, nikajua ni wewe unamkanda miguu." Na mimi niliona chupa inapungua haraka, nikajua ni yeye anakukanda mgongo. Nyumba moja, kitanda kimoja, chupa moja, wiki tano, na hakuna aliyemuuliza mwenzake, kwa sababu ni nani anayeulizana habari za mafuta yale? Ingekuwa ni dawa ngeni tungeulizana.

Nilikwenda kule kumtua mtoto mzigo, nikamtwisha Mama. Hilo sikulipanga hata kidogo. Kabla sijafungua mdomo yeye alikuwa mjane aliyemuuguza mumewe vizuri. Aliinuka akasema, "Mpelekeni mtoto. Mimi nabaki," akaingia ndani, akafunga mlango taratibu sana.

Tulimkuta daktari yuleyule. Hakunikumbuka mpaka nilipomkumbusha. Aliuliza swali lake lilelile, safari hii kwa Neema, na mimi ndiye niliyejibu: "Ndiyo. Likwidi parafini, puani na mdomoni." Nikaendelea, sikuweza kujizuia, nikamwambia na habari yako yote, asubuhi zote sita. Alisikiliza, akaweka kalamu chini. Hakunigombeza. Alisema kwa mtoto cha kwanza ni kuacha mafuta, na kumsaidia kuhema, na kungoja, kwa sababu mapafu yanahitaji muda mrefu kusafisha kitu ambacho hayawezi kukiyeyusha. Kuhusu wewe nilimuuliza waziwazi: ningesema, ungepona? Akasema, "Pengine. Pengine la. Kiharusi kilikuwa kimeshamdhoofisha. Siwezi kukupa jibu la kukufurahisha wala la kukuadhibu." Nimebaki nalo hilo. Ningependa alilonipa lingekuwa zito zaidi au jepesi zaidi.

Elisante alilala hospitali siku nane. Sasa yuko nyumbani, ananyonya, anapiga kelele, na usiku Neema anasema anamhesabia pumzi mpaka yeye mwenyewe anasinzia. Tunamrudisha kliniki kila baada ya wiki mbili. Daktari anasema kifua kinakwenda vizuri. Mimi bado siamini mpaka nimsikie mwenyewe, ndiyo maana kila Jumamosi nafunga kibanda mapema napanda.

Godlisten hakuzungumza na mimi kwa wiki tatu. Ana haki. Hakukasirikia kijiko, alikasirikia ukimya, na aliniambia hivyo siku ya kwanza kabla hajanyamaza: "Ungesema siku ile ile, mwanangu asingetiwa hata tone." Wiki iliyopita dereva wa gari la Gonja alishusha mkungu wa ndizi mlangoni kwangu, akasema umetoka kwa kaka yako. Nikauliza ametuma neno gani. Hakutuma neno. Nimezipika, nimekula, nimelia kidogo nikiwa nakula.

Hapa kazini mafuta bado natumia yaleyale. Mafuta hayana kosa, chuma bado kinayapenda, ngozi yangu bado inayapenda. Ila anayekuja kuniuliza siku hizi simlambii mbele yake. Namweleza yanafaa wapi na yasiende wapi, hasa kama amebeba mtoto mgongoni au ana mgonjwa wa kulala ndani. Wengine wananiona msumbufu. Juzi mama mmoja aliyeleta cherehani kubadilishwa mkanda aliondoka na mahubiri ya robo saa kuhusu pua ya mtoto.

Sasa Mama. Nimemwacha mwisho kwa sababu sijui namwandikaje. Halii, au halii mbele yetu. Anafagia uani mara mbili, mara tatu, anakwenda mgombani ulipolala mpaka nusu ya njia, anarudi na kuni ambazo hazihitajiki. Bado anamwogesha Elisante, Neema ndiye aliyemsihi asiache, na Mungu ambariki Neema kwa hilo. Lakini hamwiti tena mume wangu. Anamwita kwa jina.

Jumamosi iliyopita alinisindikiza mpaka barabarani. Gari lilipoonekana kwenye kona alinishika mkono, akasema, "Najua wewe huwa unaongea na baba yako. Ya kwako mwambie. Ya kwangu usimwambie. Nitamwambia mwenyewe, nikipata maneno." Nikasema, "Sawa, Mama."

Na tazama nilichofanya. Nimejaribu kuandika langu bila kuandika lake, nimechana karatasi mbili, haikuwezekana, yamefungana. Kwa hiyo barua hii sitakuja kukusomea pale mgombani, si sasa. Nitaikunja niiweke chini ya droo ya sindano, na siku nitakapomwona Mama amemaliza ile njia, amefika kwako, amekaa, mimi nitasimama mbali kwenye ua mpaka ainuke mwenyewe. Sitasogea kusikiliza. Hiyo ni ahadi yangu ya kwanza. Ya pili unaijua: mtu yeyote akiniuliza jambo ambalo uhai wa mtu umelala juu yake, nitajibu hapohapo, hata kama jibu litanivua nguo.

Kwaheri, Baba. Pumzika, mimi nitahangaika kwa niaba yetu wawili mpaka nichoke. Ila kama huko mliko mnasikia hata watu wakiwa bado wanaandika, nina ombi moja. Mama akija, usimwonyeshe kwamba unajua. Mwache aanze mwanzo, mwache akwambie yote kwa mdomo wake, na wewe umsikilize kama mtu ambaye hajaambiwa kitu.

Mwanao,
Namsifu